Jinsi ya Kuandaa Wasifu wa Mzee Aliyekuwa Mwanajeshi

Katika misiba mingi ya Dodoma wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na anayeuandika huwa ni yule mwenye mwandiko mzuri au mwenye kompyuta, hata kama si yeye aliyemfahamu marehemu kuliko wengine. Kwa mzee aliyeishi kijiji kimoja maisha yake yote, utaratibu huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa waombolezaji wenyewe wanayajua yaliyorukwa. Kwa mzee aliyekuwa mwanajeshi, madhara huonekana mara moja. Sehemu kubwa ya ujana wake aliishi mahali ambapo hakuna ndugu aliyemwona, na wakati huohuo maisha ya nyumba yake yaliendelea bila yeye kuwepo. Ndiyo maana aghalabu tunasikia wasifu wa aina mbili tu. Upo ule wa vikosi na vyeo, ambamo mke na watoto hutajwa katika sentensi ya mwisho. Na upo ule unaosema kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu na mchapakazi aliyelitumikia taifa kwa uadilifu, maneno ambayo yangeweza kusomwa mbele ya jeneza la mtu yeyote.

Mwongozo huu unapendekeza kwamba kalenda mbili, ya jeshi na ya nyumbani, ziandikwe zikitazamana kabla ya kuandikwa sentensi hata moja ya wasifu wenyewe. Maisha ya mtu wa namna hii yamo hasa pale kalenda hizo zinapogongana: siku aliyovuka mpaka na siku mwanawe alipozaliwa, mwezi aliopandishwa cheo na mwezi ambao mama yake alifariki bila yeye kupata ruhusa ya kuja kuzika. Njia hii inafaa pia, na pengine inafaa zaidi, kwa familia ambayo mzee wake angali hai. Wapo watakaosema kwamba kumhoji mzee kuhusu maisha yake ni kumtabiria kifo. Lakini mzee aliyewahi kulala handakini hatishwi na maswali ya mjukuu, na mara nyingi amekuwa akingoja kuulizwa.

Kuandaa daftari

Nunua kaunta buku, si daftari dogo la shule, na uandike kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto ni wa utumishi: mwaka aliojiunga, depo alikopitia ukuruta, vikosi alivyohamishiwa, kozi, vyeo, operesheni, likizo na mwaka wa kustaafu. Ukurasa wa kulia ni wa nyumbani: ndoa, kuzaliwa kwa kila mtoto, vifo, nyumba zilizojengwa, miaka ya njaa, ng'ombe walionunuliwa na waliouzwa, ada za shule, kuhama. Kila mwaka upewe mistari yake katika kurasa zote mbili, hata kama upande mmoja utabaki mtupu, kwa sababu nafasi tupu ndizo zitakazokuonyesha swali la kuuliza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee amezaliwa upande wa Mvumi mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaingia jeshini mwaka 1974 na kuoa mwaka 1977. Ukurasa wa kushoto unaonyesha kwamba Novemba 1978 kikosi chake kilipelekwa Kagera, na kwamba Februari 1979 alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisonga kuelekea Masaka, nchini Uganda. Ukurasa wa kulia unaonyesha kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa Februari hiyohiyo. Hapo maswali yanajileta yenyewe. Nani alimpeleka mama hospitali? Nani alimpa mtoto jina, na je, jina hilo lina uhusiano na vita? Habari ilimfikia baba kwa njia gani, na baada ya muda gani? Alipomwona mtoto kwa mara ya kwanza, mtoto alikuwa anatambaa au anatembea? Majibu yatakupa aya ambayo hakuna familia nyingine inayoweza kuisoma.

Ukurasa wa kulia hauwezi kujazwa na wanaume waliokuwa naye kambini. Shahidi wake wa kwanza ni mke, ambaye kwa kawaida huachiwa maneno matatu ya "alifunga ndoa na", huku waandishi wakikimbilia kwa afande aliyetumikia pamoja na marehemu, mwenye simulizi za mizinga. Ikumbukwe kwamba katika mkoa huu miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya kuhama. Operesheni Dodoma ilianza mwanzoni mwa muongo huo, na familia nyingi ziliacha matembe yao, yaani nyumba za jadi za Kigogo, zikajenga upya katika vijiji vilivyopangwa. Ikiwa mume alikuwa kambini wakati huo, basi aliyesimamia kuhama, aliyetafuta miti ya kujengea na aliyebishana na viongozi kuhusu kiwanja ni mke, pengine akiwa na mtoto mgongoni. Jambo hilo ni sehemu ya historia ya mwanajeshi yule, kwa kuwa bila hilo asingeweza kukaa kikosini na kupanda cheo.

Hata hivyo mjane hahojiwi siku za matanga. Katika siku hizo pata majina na tarehe kutoka kwa shangazi, wadogo wa marehemu na mtoto mkubwa, kisha umrudie mama majuma machache baadaye, kabla ya arobaini, ukifuatana na mtu aliyemzoea. Kama anaongea Kigogo au Kirangi kwa uhuru kuliko Kiswahili, mwache aongee lugha yake nawe urekodi kwa simu. Kutafsiri ni kazi ya baadaye. Usimkatize kwa ajili ya tarehe. Akisema "mwaka ule mvua ilikataa", andika hivyohivyo, kisha utafute mwaka kwa kuwauliza wengine.

Mwaka wa kuzaliwa utakusumbua. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka uliomo kwenye karatasi zao za kazi huenda ni makadirio tu. Kwa familia za Kikristo, pa kuanzia ni vitabu vya ubatizo vya parokia, kwa kuwa kanisa lina mizizi mirefu huku: wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa mwaka 1876. Pasipo na kitabu, tumia matukio na marika. Waulize wenzake wa jando ni nani kati yao aliye hai na mwenye cheti. Uliza kama alizaliwa kabla ya mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, au baada yake. Kwa habari za wazazi wake unaweza kuisikia Mtunya, njaa kuu iliyoiangamiza Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia baada ya majeshi kuchukua nafaka na mifugo ya watu. Ukishindwa kabisa, andika "mwishoni mwa miaka ya 1940" bila aibu yoyote. Hiyo ni afadhali kuliko tarehe 1 Januari iliyobandikwa ili fomu ijae, ambayo wajukuu wataiamini na kuisherehekea.

Kuhakiki simulizi za vita

Simulizi za vita hukua kila zinaposimuliwa, na mara nyingi anayezikuza si mzee mwenyewe bali wanawe. Kabla hujaandika kwamba marehemu alishiriki tukio fulani, linganisha mwaka wa tukio na ukurasa wa kushoto wa daftari lako. Hakuna haja ya kumwumbua yeyote mbele za watu. Tarehe zikiwekwa mezani, wenyewe hurekebisha kauli.

Kwa familia zinazokusanya historia ya babu aliyekuwa katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo watu walilizoea kwa jina la KAR, miaka ya kukagulia ni hii: Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma kuanzia mwaka 1944. Baada ya Uhuru jeshi hilo kwa upande wetu lilikuwa Tanganyika Rifles. Askari wake waliasi Januari 1964, maasi yakaanzia kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kwa hiyo sentensi inayosema "alijiunga na JWTZ mwaka 1962" haiwezi kuwa sahihi, ingawa huwa inasomwa hadharani bila mtu kushtuka. Ukikuta mzee alikuwa askari mwaka 1963 na mwaka 1965 ni mkulima, uliza taratibu na faraghani; jibu linaweza kuwa la maasi, na ni la familia kuamua kama litaandikwa.

Kwa wazee wa Kongwa na vijiji jirani kuna jambo la ziada. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola, na Watanzania wengi walihusika nazo kwa namna mbalimbali. Simulizi husema "alipigana na FRELIMO", lakini kulinda kambi, kufundisha kwata, kuendesha lori la chakula na kuvuka Mto Ruvuma na bunduki ni kazi nne tofauti. Andika ile aliyoifanya. Dereva wa lori la chakula ana habari za kusimulia kuliko mtu anavyofikiri, kwa kuwa alisafiri zaidi na alikutana na watu wengi zaidi. Kwa askari wetu waliofia Msumbiji, familia ijue kwamba wengi wamezikwa katika makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara, mahali panapoweza kutembelewa.

Vita vya Kagera ndivyo vitakavyokupa kazi kubwa, maana wengi wa wazee wanaofariki sasa ni wa kizazi hicho. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baada ya eneo letu kukombolewa, jeshi liliteka Mutukula Januari 1979, likaingia Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, likapigana Lukaya mwezi Machi na jeshi la Amin lililokuwa likisaidiwa na askari wa Libya, likafika Entebbe mwanzoni mwa Aprili, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Vita vilimalizika mwanzoni mwa Juni, askari walipofika karibu na mpaka wa Sudan.

Orodha hiyo isinakiliwe kwenye wasifu. Waombolezaji hawakuja kusikiliza somo la historia. Kazi yake ni kukagua. Masaka na Mbarara zilitekwa kwa tofauti ya siku moja hivi na ziko mbali, kwa hiyo mtu mmoja hakuziteka zote mbili, na ukimuuliza mwenzake walipita barabara ipi, utajua ni upi kati ya miji hiyo aliuona. Uliza pia alifikaje Kagera. Safari ya kutoka kanda ya kati hadi Mwanza kwa reli na kuvuka ziwa hadi Bukoba, au siku kadhaa juu ya lori au basi lililochukuliwa na serikali kwa ajili ya vita, huwa inakumbukwa kwa undani kuliko mapigano yenyewe, na wazee huisimulia bila kusitasita. Kwa waliofia huko, makaburi ya mashujaa yako Kaboya, mkoani Kagera.

Jambo moja linahitaji uangalifu mkubwa. Waliokwenda vitani hawakuwa wanajeshi wa kudumu peke yao. Wamo vijana wa JKT, polisi, askari magereza na maelfu ya wanamgambo, ambao wengi walirudi mashambani vita vilipokwisha. Familia nyingine huona haya kuandika "mgambo" na kumgeuza mzee kuwa Sajenti. Haya hiyo haina msingi. Mkulima wa Bahi aliyefunzwa, akapelekwa mstari wa mbele, akarudi na kushika jembe msimu uliofuata, ana wasifu wenye uzito wake, na kumpa cheo ambacho hakuwa nacho ni kusema kwamba alichokifanya hakikutosha.

Kuhusu operesheni za baadaye nitapita haraka, kwa kuwa walioshiriki wengi wangali hai na karatasi zao zipo: Msumbiji tena mwaka 1987 na 1988, Liberia katikati ya miaka ya 1990, kisiwa cha Anjouan huko Komoro Machi 2008, na ulinzi wa amani Lebanon, Darfur na Kongo, ambako kikosi cha Tanzania kiliingia katika Brigedi Maalumu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013.

Ushahidi wa karatasi utaupata kwenye sanduku la chuma au begi la zamani chini ya kitanda: cheti cha kustaafu, karatasi za pensheni, kitambulisho, nishani pamoja na vyeti vyake, na picha za studio zenye tarehe na mhuri nyuma. Tofautisha nishani ya vita na medali ya utumishi mrefu na tabia njema, kwa sababu ya pili haimaanishi kwamba mtu alipigana. Cheo kinachoandikwa ni kile alichostaafu nacho, na kiandikwe kwa usahihi. Koplo Usu si Koplo, na Afisa Mteule si Luteni. Mahali karatasi zinapokosekana, msaada wa karibu ni Mshauri wa Mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi na ofisi yake kwa kawaida iko kwa Mkuu wa Wilaya. Mpelekee jina kamili na namba ya jeshi ya marehemu. Bila namba hiyo utazungushwa, si kwa ubaya, bali kwa sababu majina yanafanana.

Yapo ya kuachwa. Silaha, mpangilio wa kambi na picha zilizopigwa ndani ya kambi havina nafasi katika wasifu wala katika makundi ya simu ya ukoo. Na yapo ambayo mzee mwenyewe hakupenda kuyasema. Kama kwa miaka yote alikuwa anaondoka mezani mtu alipotaja Lukaya, usimtafute mwenzake ili upate siri hiyo. Sentensi moja inatosha: "Kuhusu mwezi huo hakuwahi kutusimulia, nasi hatukumlazimisha." Wasikilizaji wanaelewa zaidi kuliko wangeelewa kwa kuelezwa.

Safari zake nyingine

Watu waliopenda safari hawaanzi kuzipenda jeshini na hawaachi wanapostaafu. Kijana aliyeondoka na ng'ombe wa mjomba hadi mnadani akiwa na miaka kumi na miwili ndiye mzee aliyepanda pikipiki kwenda Kondoa kuangalia michoro ya mapangoni Kolo, na ndiye huyohuyo aliyekwenda kutundika mizinga ya nyuki kwenye vichaka vya Itigi wakati wenzake wakifungua maduka kwa kiinua mgongo. Ukiandika tu kwamba "marehemu alipenda kusafiri", umeutupa utajiri huo wote.

Kwa kila safari uliza mambo matatu: alikwenda na nani, alikwenda kwa chombo gani, na alirudi na nini. Swali la tatu ndilo linalozaa zaidi, kwa sababu linaivusha safari kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia. Alirudi na redio, ambayo kijiji kizima kilikuja kusikilizia taarifa ya habari ya RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Alirudi na vitenge, kimoja cha mke na kimoja cha mama yake, na ugomvi ukazuka kuhusu nani achague kwanza. Alirudi na miche ya mzabibu, ikafa yote isipokuwa mmoja. Alirudi na tabia: kuamsha watoto saa kumi na moja alfajiri, kukagua vitanda vilivyotandikwa, kuita majina kabla ya chakula, na kukataa kuondoka nyumbani kabla buti hazijang'aa hata kama anakwenda shambani. Watoto wake waliyachukia hayo wakiwa wadogo na leo wanayasimulia wakicheka, na kicheko msibani si dhambi. Watani wetu wamekuwa wakitufundisha hivyo siku zote.

Hapa pia ndipo pa kusema, kwa staha, kwamba kutokuwepo kwake kuliumiza. Mtoto aliyesoma hadi darasa la saba huku baba akimfahamu kwa barua ana haki ya kusikia hilo likisemwa. Andika bila kushitaki: alikosa mahafali, alikosa harusi ya dada yake, alifika siku mbili baada ya mazishi ya mama. Kisha andika alifanya nini kurekebisha, kama alifanya. Wapo wazee ambao baada ya kustaafu walikuwa baba kwa wajukuu kwa namna ambayo hawakuweza kuwa kwa watoto, na wake zao huliona hilo kwa furaha iliyochanganyika na wivu kidogo.

Tofauti ya uandishi mbaya na mzuri inaonekana zaidi kwa mfano. Wasifu wa kawaida ungesema: "Marehemu alishiriki kikamilifu Vita vya Kagera na kuonyesha ushujaa mkubwa. Alikuwa baba mwema." Kwa kutumia daftari la mzee wetu wa kubuni, tunaweza kuandika hivi:

"Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Februari 1979, marehemu akiwa njiani kuelekea Masaka. Habari alizipata kwa barua iliyoandikwa na mwalimu wa kijiji kwa niaba ya mama, na barua hiyo alirudi nayo ikiwa imekunjwa ndani ya kitambulisho chake. Katika miezi tisa ambayo hakuwepo, mama alilima uwele peke yake, akamwuguza baba mkwe wake hadi alipofariki, na akakataa kuuza ng'ombe alioachiwa. Marehemu alipofika nyumbani Agosti alimkuta mtoto anatambaa, na kwa siku kadhaa mtoto alilia kila alipomsogelea. Alipenda kusema kwamba huko alikotoka hakuna kilichomtia hofu kama kilio kile."

Aya hiyo haina neno ushujaa wala neno upendo, na haihitaji.

Majina ya familia

Sehemu fupi kuliko zote katika wasifu ndiyo inayoleta magomvi makubwa kuliko zote. Mwanajeshi alihamishwa mara nyingi, na si ajabu kukuta ana mtoto Tabora au Songea ambaye nyumbani anajulikana nusunusu. Suala hili lisiamuliwe na mwandishi. Liitishiwe kikao kidogo cha ukoo, awepo baba mkubwa au baba mdogo, shangazi, mtoto mkubwa na, kama inawezekana, mjane; orodha ya majina isomwe pale kwa sauti na ikubaliwe kabla ya kuchapwa. Kanuni ninayoipendelea ni kwamba kila mtoto ambaye marehemu alimtambua akiwa hai atajwe, kwa mpangilio wa umri na bila kuelezwa ni wa nani. Wasifu si hati ya mirathi, na kutajwa ndani yake hakumpi wala hakumnyang'anyi mtu urithi. Lakini mtoto aliyesafiri usiku kucha kuja kuzika, kisha jina lake likarukwa mbele ya umati, hatalisahau hilo hadi naye azikwe.

Wake watajwe wote kwa heshima ileile. Watoto waliotangulia mbele ya haki watajwe pia, na waliolelewa nyumbani mwake bila kuzaliwa naye, ambao katika nyumba za wanajeshi mara nyingi ni watoto wa wenzake waliofariki. Kwa wajukuu na vitukuu idadi inatosha, mradi ihesabiwe kweli.

Kuusoma na kuuhifadhi

Wasifu wa kusomwa usizidi dakika kumi, yaani kurasa tatu au nne zilizochapwa kwa herufi kubwa, hasa kama utasomwa mchana kwenye uwanja usio na miti. Kwa mazishi yenye heshima za kijeshi, ulizeni mapema kama mwakilishi wa jeshi atasoma historia ya utumishi. Akisoma yeye, familia ifute tarehe za vyeo na vikosi katika nakala yake na kutumia dakika zote kwa yale ambayo jeshi halikuyaona. Msomaji awe mtu ambaye sauti yake haitakatika, kwa kawaida mpwa au mkwe kuliko mtoto wa kuzaa, naye ausome mara mbili nyumbani, kwa kuwa majina ya Uganda na ya Msumbiji humkwaza asiyejiandaa.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo huzika mapema iwezekanavyo, hakuna sababu ya kuharakisha kazi hii. Maneno machache yanatosha siku ya maziko, na wasifu kamili unaweza kusomwa siku ya hitma au dua ya arobaini, baada ya kushauriana na sheikh. Kwa Wakristo, mchungaji au katekista aonyeshwe nakala kabla ya ibada, maana mara nyingi ratiba huwa imekwisha kupangwa.

Msimvishe mjukuu kombati ili apendeze kwenye picha, wala msichapishe fulana za msiba zenye mabakamabaka. Raia hawaruhusiwi kuvaa mavazi ya kijeshi, na mwezi Agosti 2023 jeshi liliwataka wote waliokuwa nayo, au waliokuwa na yanayofanana nayo, wayasalimishe ndani ya siku saba. Sare alizoziacha marehemu zirudishwe kwa kufuata maelekezo ya kikosi. Picha yake akiwa ndani ya sare, nishani na vyeti vyake vinatosha kuwekwa mezani.

Baada ya matanga, daftari lile la kurasa mbili lina thamani kuliko wasifu uliosomwa, kwa hiyo lisiachwe kwa mtu aliyeliandika. Lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, picha zitumwe kwa angalau watu watatu wa ukoo wanaoishi mikoa tofauti, na daftari lenyewe likae kwa mjane. Nyuma ya kila picha ya zamani andikeni kwa penseli majina ya waliomo, mkianzia kushoto, mkiwa bado na wazee wanaowatambua. Sauti zilizorekodiwa zihamishwe kutoka kwenye simu mara moja na kupewa jina la msimulizi na mwaka. Wajukuu wakitaka siku ya kulisoma tena daftari, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ipo kwenye kalenda ya taifa. Msisubiri mwaliko wa serikali; ukumbi wa nyumbani unatosha.

Wakati wa kujengea kaburi, jina liandikwe kama alivyoitwa na watu wake, cheo kitangulie bila kufupishwa, na miaka iwe ileile iliyokubaliwa kwenye daftari. Fundi apewe maandishi hayo yakiwa yamechapwa, na mtu wa familia ayakague kwenye marumaru kabla haijapakwa saruji, kwa sababu marumaru ikishashika haibadilishwi bila kuvunjwa.